Hodi ya Barabarani: Kiwewe cha Polisi na Kwa Nini Mshauri Peke Yake Hatoshi

Mtaani kwetu alikuwapo afande mstaafu ambaye hodi ya kwake haikupigwa mlangoni. Ilipigwa barabarani. Ukitumwa kwake kurudisha ungo au kuomba chumvi, ulisimama penye mkaratusi, hatua kama thelathini kabla ya lango, ukaita kwa sauti: "Hodi hapo! Ni mimi, wa kwa mwalimu!" Kisha ukangoja mpaka uitikiwe. Watoto wote tuliijua kanuni hiyo, kama tulivyojua ni nyumba ipi ina mbwa mkali.

Siku moja kijana mgeni aliyekuja likizo alikwenda moja kwa moja akagonga mlango wa bati kwa ngumi. Tuliokuwa nyuma yake tulisikia kikombe kikipasuka. Mlango ulipofunguliwa, mzee alikuwa amejibanza nyuma ya kabati la vyombo, shati limelowa jasho, chai imemwagika mkekani. Mkewe ndiye aliyetoka. Hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, baba yenu alikaa sana huko mpakani. Akiitwa kwanza, hana neno."

Sisi tulimwita mkali. Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa kwamba kile nilichokiona nyuma ya kabati kilikuwa na jina, kilikuwa na tiba, na hakikuwa na uhusiano wowote na ukali.

Nchini Kenya, kila polisi anapojiua au kumuua mwenzi wake, kilio huwa kimoja. Desemba 2021 afisa mmoja huko Kabete, Nairobi, aliwaua watu kadhaa akiwemo mkewe, kisha akajiua. Magazeti yaliandika "msongo wa mawazo," wakubwa wakaahidi washauri nasaha, na baada ya wiki mbili tukahamia habari nyingine. Maneno haya, msongo wa mawazo, yamekuwa kapu la kutilia kila kitu. Ndani ya kapu hilo mna angalau mambo matatu yanayotofautiana kwa chanzo, kwa dalili na kwa dawa. Ukiyachanganya, utampeleka kwa mshauri mtu ambaye shida yake ni nyumba, na utampa nyumba mtu ambaye shida yake ni kile alichokiona.

Kumbukumbu isiyopoa

Tuanze na kiwewe chenyewe. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo. Watu walikwenda na mitungi kuteka petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Polisi walikuwapo pale, wengine wakijaribu kuuzuia umati kabla ya moto, wengine wakiokota miili baada yake. Sasa chukulia konstebo mmoja kati yao, miaka minne baadaye, amekaa na shemeji zake Jumapili, mbuzi yuko kwenye jiko la makaa. Harufu ya nyama inamfikia. Mwili wake haukumbuki Sachangwan. Mwili wake uko Sachangwan. Moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa, anasimama na kuondoka bila kuaga. Shemeji wanasema ana dharau.

Kumbukumbu ya kawaida hupoa kadiri siku zinavyopita: unakumbuka msiba wa babu, unahuzunika, lakini unajua ni wa zamani. Kumbukumbu ya kiwewe haipoi. Ubongo, ulipokuwa katika kuokoa uhai, uliihifadhi vipande vipande, harufu huku, sauti kule, bila kuipa tarehe. Ndiyo maana kipande kimoja kikiguswa, chote huja kana kwamba kinatokea sasa.

Madaktari waliwahi kuyaona haya kwa askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wakadhani ni mtikisiko wa mabomu kichwani. Jina linalotumika leo, ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe, ambao wengi huutaja kwa herufi zake PTSD, liliingia rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam kukataa kuambiwa kwamba ni walevi tu. Dalili zake ni za makundi manne. Tukio hujirudia, kwa ndoto au kwa picha za ghafla. Mtu hukwepa kila kinachomkumbusha. Hisia zake hufa ganzi, anaona dunia yote mbovu au anajilaumu. Na mwili hukaa macho muda wote: hasira za karibu, usingizi haba, kushtuka kupita kiasi. Yule mzee wetu na mlango wa bati walikuwa katika kundi hili la mwisho.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba wiki za kwanza dalili hizi ni za kawaida. Mtu yeyote aliyetoka kwenye chuo kikuu cha Garissa mnamo Aprili 2015, walikouawa watu 148, angekuwa wa ajabu kama angelala vizuri usiku uliofuata. Ugonjwa huhesabiwa zinapopita mwezi mmoja bila kulegea na zikaanza kula kazi na nyumba. Wengi hupona wenyewe. Uchunguzi uliojumlisha tafiti za nchi 24, zenye polisi zaidi ya 272,000, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta kwamba kama 14 katika kila polisi 100 walikuwa na dalili za PTSD, kiasi kama hicho wakiwa na sonona, na robo nzima wakinywa pombe kwa kiwango cha hatari. Ni idadi kubwa mno kuliko ya raia wa kawaida. Lakini isomwe pia kwa upande wa pili: polisi zaidi ya 80 katika 100 hawana PTSD. Ile kauli ya matatuni kwamba "hawa makarao wote ni wagonjwa" haina msingi, na inawaumiza wale wachache ambao ni wagonjwa kweli, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa ushahidi wa tusi.

Si wenye bunduki tu

Kiwewe hakihitaji risasi. Kuna konstebo wa kike anayekaa kwenye dawati la jinsia, anayesikiliza siku nzima watoto wakieleza walichofanyiwa na wajomba zao. Tanzania madawati ya jinsia na watoto yako katika vituo vingi vya polisi, na Kenya pia yapo. Anayekaa pale hapigani na mtu. Anaandika. Anauliza maswali mara tatu ili maelezo yakubaliwe mahakamani, maana yake anamsikia mtoto yuleyule akisema jambo lilelile mara tatu. Akirudi nyumbani, anashindwa kumwacha mtoto wake kwa baba mkwe hata dakika kumi. Mumewe anaona ni wazimu. Yeye anaona ni hesabu.

Mwaka 2023, msituni Shakahola, kaunti ya Kilifi, makaburi yalifukuliwa kwa miezi na miili zaidi ya 400 ikatolewa, ikiwemo ya watoto wengi. Tulihesabu miili kila jioni kwenye taarifa ya habari. Waliochimba, waliobeba, waliopiga picha za ushahidi, walioandika namba kwenye mifuko, madereva walioipeleka Malindi, hao hatukuwahesabu. Baadhi yao hata si polisi: ni vibarua na wafanyakazi wa kiraia. Wapokeaji wa simu za dharura nao ni hivyo hivyo. Anayepokea simu husikia mtu akifa, kisha laini inakatika, na hajui kamwe ilikuwaje mwishoni. Hayo ya kutojua mwisho ni mateso ya aina yake, na watu wa namna hii ndio wa kwanza kusahauliwa, kwa kuwa hawana sare za kuvutia huruma.

Kiwewe pia hujikusanya. Trafiki wa barabara ya Nakuru hakumbuki ajali moja iliyomvunja. Zimo mia ndani yake. Ukifungua kitabu cha matukio cha kituo, ile OB, utaona namba, saa, na mistari mitatu: ajali, bodaboda na lori, wawili wamefariki papo hapo, miili imepelekwa mochari. Mwandiko ni nadhifu. Aliyeandika alitoka kuokota kiatu cha mtoto dakika arobaini zilizopita, kisha akafungua ukurasa na kupiga mstari kwa rula.

Pazia katikati ya chumba

Jambo la pili ndani ya kapu halina damu. Ni kazi yenyewe jinsi ilivyopangwa. Watafiti wa polisi katika nchi mbalimbali wamekuta jambo linaloshangaza wasiolijua jeshi: ukiwauliza maafisa nini kinawachosha zaidi, mara nyingi hawataji majambazi. Wanataja wakubwa. Uhamisho wa ghafla, zamu zisizotabirika, likizo iliyofutwa, cheo alichopewa mwenye mjomba, kesi ya nidhamu isiyoisha.

Kenya tunalo somo letu wenyewe. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 na 2008, kikosi kazi cha Jaji Philip Ransley kilichunguza polisi na kutoa ripoti mwaka 2009. Hali ya makazi ilikuwa ya aibu: familia mbili katika chumba kimoja, zikitenganishwa na pazia. Fikiria maana yake kwa mtu aliyetoka zamu ya usiku akiwa na picha za ajali kichwani. Hawezi kulia, atasikika upande wa pili. Hawezi kugombana na mkewe kwa faragha wala kupatana naye kwa faragha. Hawezi hata kupiga kelele usingizini bila kituo kizima kujua asubuhi. Mwaka 2018 serikali ilibadili utaratibu, maafisa wakapewa posho ya nyumba wakaishi mitaani kama watu wengine. Pazia likaondoka kwa wengi, ingawa likaja jingine: sasa unaanika sare ndani ya nyumba, usijulikane unafanya kazi gani.

Mnamo Desemba 2022 Rais William Ruto aliunda kikosi kazi kingine, chini ya Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, ambacho kilikabidhi ripoti Novemba 2023. Mishahara, makazi, upandishaji vyeo, afya ya akili: mengi yalikuwa yaleyale. Sioni ubaya wa kikosi kazi kurudia maneno ya kikosi kazi kilichotangulia, kwa kuwa shida ni zilezile. Ila mtu anayeishi katika shida hizo husoma ripoti ya pili kwa jicho tofauti na alivyosoma ya kwanza.

Kwa shida za aina hii, mshauri nasaha hana dawa. Anaweza kumfundisha konstebo kuvuta pumzi polepole, lakini hawezi kumtoa Lodwar akamrudisha karibu na mke aliyebaki Kisii. Hata hivyo vitu hivi viwili vimefungamana. Kiwewe hupona penye usingizi, penye jamaa, penye ratiba inayotabirika. Mpangilio mbovu wa kazi huvitoa vyote vitatu kwa pamoja, hivyo jeraha ambalo lingepona lenyewe kwa miezi miwili hukaa wazi miaka kumi.

Jeraha la dhamiri

Jambo la tatu ndilo gumu kulisema, hasa baada ya Juni 2024.

Daktari wa akili wa Marekani Jonathan Shay, aliyetibu wanajeshi wa Vietnam huko Boston, aliona kwamba baadhi ya wagonjwa wake hawakuteswa na hofu. Waliteswa na aibu. Walikuwa wamefanya, au wameshuhudia bila kuzuia, au wameamrishwa na mkubwa wao kufanya, jambo walilojua ni baya. Hilo likapewa jina la jeraha la dhamiri. Mwenye kiwewe husema, "Nilidhani nitakufa." Mwenye jeraha la dhamiri husema, "Sijui mimi ni mtu gani." Na ukimwambia, "Usijilaumu, ulikuwa kazini," humponyi. Unamwambia asichoamini.

Juni 2024 vijana waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, makumi wakauawa katika maandamano ya mwaka huo, wengine wakatekwa. Kuna mama waliozika, na kwao makala kuhusu maumivu ya polisi inaweza kusikika kama tusi. Nalielewa hilo, wala siandiki haya kumtafutia mtu msamaha. Aliyefyatua risasi kwa kijana aliyenyanyua mikono anapaswa kusimama mahakamani, akiwa mzima au akiwa mgonjwa. Ninachosema ni kwamba uwajibikaji wenyewe ni sehemu ya tiba. Katika kikosi chochote wapo walioona mwenzao akifyatua na kunyamaza, na wapo waliokataa amri wakalipa kwa uhamisho. Kesi ikizimwa, anachoepuka aliyefyatua ni gereza tu. Aliyeona anaendelea kukaa kitanda cha pili na aliyefyatua, akila naye, akijua. Mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, haijawahi kuchukuliwa kuwa taasisi ya afya. Kwa afisa mwenye dhamiri, huenda ndiyo zahanati iliyo karibu zaidi.

Bunduki na ulimi

Basi kwa nini hawasemi? Tunapenda kujibu kwamba ni utamaduni wa kiume, kwamba afande halii. Ni kweli, lakini si kweli yote, na jibu hilo lina kasoro ya kuwatupia lawama wanaoumwa. Katika chuo cha polisi cha Kiganjo kuruta hufunzwa kuvumilia, na uvumilivu huo humwokoa siku ya hatari. Ila kunyamaza kwa konstebo mwenye watoto wawili shuleni kuna hesabu ya pesa ndani yake.

Anajua kwamba akisema "siwezi kulala, naona maiti," jambo la kwanza litakalofuata ni kunyang'anywa bunduki. Bila bunduki hapangiwi kazi zenye posho. Kila mtu kituoni atajua sababu, kwa kuwa kitabu cha ghala la silaha husomwa na wengi. Mwaka ujao jina lake halitakuwa kwenye orodha ya kozi ya ukoplo. Na mshauri anayepelekwa kwake mara nyingi naye ni afisa, mwenye cheo, anayekunywa chai na OCS, yaani mkuu wa kituo. Inspekta atamweleza koplo kwamba anakunywa? Na koplo atamweleza inspekta kwamba chanzo cha shida ni inspekta?

Hapo juu yake paliwekwa sheria. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, la kifungo hadi miaka miwili. Tanzania nayo ina kifungu cha namna hiyo. Polisi ndio waliotumwa kuwakamata walionusurika, wakiwa bado na bandeji. Sasa mwombe mtu aliyewahi kumfunga pingu mgonjwa wa namna hiyo aje aseme kwamba yeye mwenyewe anawazia kufa. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu cha 226 kinakiuka Katiba. Hukumu hiyo ilisifiwa kwa ajili ya wagonjwa wote, ipasavyo. Nadhani wachache walitambua kwamba iliwafungulia mlango polisi pia.

Bunduki yenyewe haiwezi kupuuzwa. Mawazo ya kujiua huja kama mawimbi; wimbi likipita, wengi hawarudii. Anayekuwa na silaha mkononi wakati wimbi liko juu hana muda wa kungoja lipite. Jeshi la Israeli liliwahi kukuta askari wake wengi wakijiua wikendi wakiwa nyumbani na bunduki zao. Mwaka 2006 likaagiza silaha zibaki kambini wikendi. Watu waliojiua walipungua kwa asilimia 40, na karibu upungufu wote ulikuwa wa siku za wikendi.

Hivyo silaha lazima iwekwe kando wakati wa hatari. Suala ni namna ya kuiweka. Ikiwa kuikabidhi ni adhabu, hakuna atakayeikabidhi. Ikiwa kila afisa anayetoka kwenye tukio la vifo, awe mzima au mgonjwa, konstebo au inspekta, hukabidhi silaha kwa siku kadhaa na kufanya kazi ya mezani bila kupoteza posho, basi kukabidhi hakusemi lolote juu yake. Hakuna anayenong'ona kuhusu jambo linalofanywa na wote. Ni mpango wa bei nafuu kiasi cha kushangaza. Gharama yake kubwa ni kwamba mkuu wa kituo chenye watu 18 atabaki na 14 wiki hiyo, na hapo ndipo mipango mingi mizuri inapofia.

Kinachofanya kazi, na kinachofanana nacho

Baada ya tukio kubwa, silika ya wakubwa ni kuwakusanya wote ukumbini, kumleta mshauri au kasisi, na kumtaka kila mtu aeleze alichoona. Inaonekana ni utu. Utaratibu huu wa kikao kimoja ulienea duniani tangu miaka ya 1980, ukitokea kwa wazima moto na waokoaji wa Marekani. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2002 yalikuta kikao kimoja cha lazima hakizuii PTSD, na kwa baadhi ya watu huenda kikaizidisha. Sababu haihitaji digrii: kidonda cha jana hakitaki kufunuliwa mbele ya watu ishirini, na mwenye picha tatu kichwani huondoka na za wenzake kumi.

Siku za kwanza kinachotakiwa ni cha chini zaidi kuliko tunavyodhani. Shirika la Afya Duniani linakiita huduma ya kwanza ya kisaikolojia: hakikisha mtu yuko salama, ale, alale, awasiliane na nyumbani, asiachwe peke yake, asikilizwe akitaka kusema na aachwe akitaka kunyamaza. Kwetu hili si geni. Ndivyo tunavyokaa matanga. Watu huja, huosha vyombo, hucheza karata nje, hulala kwenye mikeka, hakuna anayemwambia mfiwa, "Haya, tueleze ulivyojisikia."

Kazi ya kitaalamu huanza baadaye. Wanamaji wa Uingereza walibuni utaratibu ambao vikosi vingi vya polisi vya huko vimeuchukua: wenzako kazini, waliofunzwa, wasio madaktari, wanakaa nawe siku kama tatu baada ya tukio na tena baada ya mwezi mmoja, wakiwa na maswali yaleyale. Unalalaje? Unakunywa zaidi ya zamani? Unaepuka mahali fulani? Mara ya kwanza majibu mabaya hayatishi mtu. Mara ya pili, kama hayajabadilika, unapelekwa kwa mtaalamu. Uzuri wake ni kwamba anayekuuliza ni mtu aliyewahi kuvaa buti kama zako, na kazi yake si kukutibu. Ni kutambua nani hajapona. Na kutambua ni kazi kubwa: katika uchunguzi uliofanywa Uingereza mwaka 2018, ulioshirikisha polisi na wafanyakazi wa polisi karibu 17,000, mmoja kati ya watano alikuwa na dalili za PTSD, ya kawaida au ile ya kujikusanya, na wengi wao hawakujua.

Kwa aliyegundulika, tiba ipo na ina matokeo. Tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe huchukua vikao kama 8 hadi 12: mgonjwa anarudia tukio kidogo kidogo, kwa mpango, pamoja na mtu anayejua anachofanya, mpaka kumbukumbu ipate tarehe na ianze kupoa. Ipo pia tiba ambayo mtu hukumbuka tukio huku akifuatisha kwa macho kidole cha mtaalamu kinachokwenda kushoto na kulia. Inasikika kama uganga, lakini imepimwa na kukubaliwa. Dawa za sonona husaidia baadhi. Tembe za usingizi za kununua dukani na chupa ya jioni ndizo zinazoharibu zaidi, kwa kuwa hutuliza usiku mmoja na kuzuia kupona.

Kenya haiko mikono mitupu. Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi ina kitengo cha ushauri nasaha. Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoanza mwaka 1910, inatibu. Shirika la Msalaba Mwekundu lina namba ya bure, 1199, ambayo polisi au mke wa polisi anaweza kuipiga bila kutaja kituo. Kinachokosekana ni ukuta kati ya tiba na nidhamu: mahali ambapo faili la daktari halisomwi na anayepanga vyeo. Ukuta huo hauhitaji jengo. Unahitaji waraka mmoja wenye sahihi ya Inspekta Jenerali, na mkubwa wa kwanza atakayeukiuka aadhibiwe hadharani. Kwa maafisa waliorudi kutoka Haiti, walikopelekwa tangu Juni 2024 kupambana na magenge, na ambako baadhi yao waliuawa, waraka huo ungefaa kuwa tayari kabla ndege haijatua.

Wanaobaki ni wa nyumbani, wasio na namba ya kazi wala posho. Mke ndiye anayejua kwamba bwana ameacha kulala kitandani anakaa kochini akitazama mlango. Mtoto ndiye anayejua kutobamiza sufuria. Hakuna anayewauliza, na afisa akistaafu, hata yeye haulizwi tena. Mkewe yule mzee wetu aliwahi kunionyesha karatasi aliyopewa mumewe siku ya kuondoka kazini, ameihifadhi ndani ya Biblia: mkanda mmoja, kofia mbili, buti jozi moja, filimbi na kamba yake, kila kimoja kimetiwa alama na kusainiwa kuwa kimerudishwa kikiwa katika hali nzuri.

Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba kanuni ya hodi ya barabarani aliitunga mama huyo. Wiki waliyohamia mtaani alizunguka nyumba kwa nyumba, na furushi la mboga mkononi ili asiende bure, akawaomba akina mama wawafundishe watoto wao kuita wakiwa bado mbali, pale penye mkaratusi.